Baba, Nimelifungua Lori

Baba,

Shikamoo. Nakusalimia kama ulivyonifundisha, na leo sitangoja uitikie.

Niko Biharamulo. Nimekaa kwenye baraza la duka la Bibi Mwanaidi, yule aliyekuwa akituletea uji ulipokuwa umelazwa, na karatasi hii amenipa yeye. Mbele yangu wanashusha kahawa kutoka kwenye lori la kijiji. Ndiyo, Baba, lori letu, lilelile. Limepanda milima yote kutoka Kasulo likiwa limejaa mpaka juu, na halikuchemka. Nimelitengeneza mimi. Wewe ulinikataza kuligusa, mimi nimeligusa. Kama umekasirika huko uliko, basi kasirika. Lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nimepata jibu la lile swali ulilokufa nalo mdomoni.

Sitakuficha watu walisema nini baada ya kukuzika. Walisema Fundi Bonifasi ameuawa na feni zake mwenyewe. Walisema kisimani, walisema kwenye pombe ya rubisi, na mmoja aliyasema mlangoni pa kanisa, Mama akiwa anapita. Mama hakugeuka. Mimi niligeuka, na yule mtu bado hanisalimii.

Unakumbuka siku ulipozifunga zile feni? Feni ya mwanzo ya lori, ile inayozungushwa na mkanda, ilikuwa imekatika mapanga, na spea hazikupatikana Ngara wala Bukoba. Ulikuwa wakati wa kukosa kila kitu, hata sabuni. Lori likakaa na kuota nyasi, na wanawake wa kijiji wakawa wanabeba mazao kichwani mpaka barabara kuu. Ukachukua baiskeli, ukapotea siku kadhaa, ukarudi na feni mbili za umeme ulizozing'oa kwenye vigari vidogo vilivyokufa. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika magoti. "Fundi, hivi vya kupepea watu wakubwa ndivyo vitapoza lori?"

Ulizifunga nyuma ya rejeta inayopoza maji ya injini, bega kwa bega, zivute hewa kutoka mbele kuja kwenye injini. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando yako. Ulikuwa unajisemea mwenyewe, lakini masikio yalikuwa yangu: "Lori lina betri mbili. Feni ya gari dogo imezoea betri moja. Basi nazifunga zifuatane, umeme upite ya kwanza, uende ya pili, ndipo urudi kwenye bodi ya gari. Wagawane."

Nikauliza, "Na moja ikikatika, Baba?"

Ukainua kichwa. Uliniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. "Zinasimama zote. Nani kakutuma kuuliza?" Halafu ukasema yale ya kila siku. "Tereza, mwisho wako ni kunipa spana. Nyaya si kazi ya mtoto wa kike. Wewe utaolewa."

Sijaolewa, Baba. Nakwambia tu ujue.

Na zile feni zilifanya kazi. Watu wamesahau hilo haraka sana. Msimu mzima wa mahindi, msimu mzima wa kahawa, lori lilikwenda na kurudi, sindano ya joto ikiwa imetulia. Ulikuwa unawasha ile swichi ya mkono kwenye dashibodi unapoanza mlima, unatega sikio mpaka usikie mvumo, ndipo unakanyaga mafuta. Wale waliosema kwenye rubisi walikuwa wamepanda juu ya magunia siku hizo, wakiimba.

Vita vya mpakani vilipoanza, jeshi likataka magari ya vijiji. Ungeweza kubaki. Walitaka lori tu, dereva walikuwa naye. Mama alikushika mkono mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Ukamwambia, "Mama Tereza, nyaya hizi anazijua Bonifasi peke yake. Nikiwaachia, litawafia njiani na chakula cha askari." Ukapanda, na rafiki yako Baba mdogo Severini akapanda nyuma kama utingo. Ukanipungia kwa kidole kimoja, kile chenye kucha nyeusi.

Nilipokuona tena ulikuwa hospitalini hapa Biharamulo, umefungwa bendeji uso na kifua. Nilikutambua kwa miguu.

Severini ndiye aliyetusimulia. Mlikuwa mmerudi nyuma kuchukua chakula kingine, lori likajazwa mihogo mikavu na maharage. Kwenye kile kilima mbele ya Lusahunga likaanza kuchemka. Ukasimama, ukafungua boneti, ukaacha injini ikinguruma kwa sababu ulitaka kuzisikia feni. Ulisikia mvumo wake. Ukainama uzitazame kwa macho, karibu, na ndipo paipu ya rejeta ikapasuka, maji ya moto yakakurukia.

Ulikaa nasi siku chache. Maumivu hukuyataja hata mara moja. Shamba hukulitaja, deni wala ugomvi hukuvitaja. Ulipopata sauti uliniita mimi, si Mama, na mimi nikainama karibu na mdomo wako nikidhani unanipa wosia.

"Zilikuwa zinazunguka, Tereza. Zote mbili. Sasa kwa nini limechemka?"

Nikasema, "Sijui, Baba. Pumzika."

Hukupumzika. Uliuliza tena jioni. Asubuhi ulikuwa umekwenda. Tukakuzika hukuhuku, kwenye makaburi ya kanisa, kwa sababu hapakuwa na gari la kukurudisha nyumbani.

Vita vilipokwisha, lori lilirudishwa likivutwa na trekta. Wakaliegesha kiwanjani kwetu, palepale ulipokuwa unaliegesha, kana kwamba wanamrudishia Mama mume wake. Mbele lilikuwa limefungwa ngao nzito ya vyuma ambayo halikuondoka nayo. Mvua zote za masika zililinyeshea. Kuku walitagia kwenye kiti chako.

Halafu ukaitishwa mkutano. Kijiji kilikuwa kimempata dereva mpya, Bwana Zabroni, aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe zake. Ni mtu anayejua kuendesha, hilo simnyimi. Alilizunguka lori, akachungulia chini ya boneti, akaja mkutanini na kusema, "Nyaya za marehemu ni kama utumbo wa mbuzi. Gari hili lilimuua aliyelitengeneza. Mimi sina hamu ya kuwa wa pili. Likatwe, tupate vyuma vya majembe."

Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Wazee wakakubali kwa kichwa. Nilimwona mmoja ameshaanza kuinuka aende zake. Na mimi nikasimama.

Nilisema, "Shikamooni wazee. Baba yangu hakuuawa na feni zake. Nipeni nafasi nilifungue, niwaonyeshe."

Wakacheka, wale wote walioimba juu ya magunia. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko, "Binti, wewe unajua nini cha gari?"

"Najua alichokijua yeye. Nilikuwa nampa spana."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa mtalikata. Si ndivyo mnavyotaka? Mtapoteza nini?"

Wakanipa mpaka kahawa iive.

Sasa nikueleze kazi, maana najua ndicho unachotaka kusikia.

Kwanza Severini aliazima betri zenye chaji, akaleta paipu nyingine ya rejeta. Nikawasha swichi. Kimya. Nikaangalia fyuzi, imeungua. Nikaweka nyingine, ikaungua papo hapo na harufu ikanijaa puani. Hapo nikakusikia ukisema, "Usiitukane fyuzi, inakusemesha." Nikaufuata ule waya kwa vidole kutoka kwenye dashibodi, nimefumba macho, mpaka mbele. Ile ngao ya vyuma ilikuwa imeukandamiza. Mtikisiko wa kuvutwa na trekta ulikuwa umelila gamba lake, shaba iko wazi inagusa chuma. Nikauvuta, nikauzungushia mpira wa tyubu, nikaufunga mbali na ngao.

Fyuzi ikakaa. Feni hazikuzunguka.

Nikachukua ile balbu yako ya taa ya nyuma, uliyoiunga nyaya mbili. Mguu mmoja nikaufunga kwenye hasi ya betri, mwingine nikaanza kugusa. Kabla ya feni ya kwanza, ikawaka. Kati ya ya kwanza na ya pili, ikawaka. Baada ya ya pili, kwenye waya wa mwisho unaorudi kwenye bodi, ikawaka pia, na hapo haikutakiwa kuwaka kabisa. Nilikaa chini nikafikiri. Umeme unafika mpaka mwisho lakini haupati njia ya kurudi. Nikafungua bolti ya mwisho. Kutu tupu, nyekundu kama udongo wa Mugoma. Nikaikwangua kwa jiwe mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza.

Baba, ulipaswa kuusikia ule mvumo. Kuku waliruka kutoka kwenye kiti. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akashika mdomo. Mama bado analiita "rori", na alikuwa anasema tu, "Rori linaongea. Rori linaongea."

Majirani wakakusanyika. Nikajiona nimemaliza. Tukapakia mawe na watu, Severini akakamata usukani kwa kuwa Zabroni alikataa, tukaanza kupanda mlima wa nyuma ya shule. Feni zinavuma zote mbili. Na sindano ikapanda. Ikapanda, ikapanda, na kabla hatujafika nusu, mvuke ukatoka.

Watu walishuka, wakaanza kurudi kijijini kwa miguu. Nilitamani wacheke. Severini alizima injini, akaweka kichwa kwenye usukani. "Ilikuwa hivihivi," akasema. "Mwanangu, ilikuwa hivihivi kabisa."

Nikashuka, na nilikuwa nimesimama mahali pako sasa. Mbele yangu boneti, ndani mvuke, na swali lako. Zinazunguka zote mbili, kwa nini linachemka? Sikuinama. Nilisimama mbali nikalitukana lile lori kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, kwa sauti, na watoto wa shule wakitusikiliza madirishani.

Zabroni alipita jioni ile. "Nilisema," akasema. Maneno hayo tu, na akaendelea na njia yake.

Mama aliniletea ugali wa muhogo na maharage pale pale chini ya lori. Nilidhani atasema niache. Yeye ndiye mjane, na kila alipolitazama lile lori alikuona wewe na bendeji. Akakaa kwenye gurudumu la akiba, akaniambia, "Baba yako hakuniuliza mimi lile swali. Alikuuliza wewe. Kula, halafu umjibu."

Kesho yake asubuhi tuliifungua ile ngao ya vyuma, mimi na Severini, niweze kusimama mbele ya rejeta bila kitu katikati. Nikawasha feni, injini imezimwa, baridi kabisa. Jua lilikuwa kali. Nikavua kilemba nifute jasho, na nilipokishusha ncha yake ikavutwa, ikang'ang'ania kwenye rejeta upande wa kulia. Nikacheka, nikaibandua. Nikasogea kushoto ili isivutwe tena, na kule kushoto kilemba kikapeperuka kikanipiga usoni.

Nikasimama kama niliyepigwa kofi. Nikarudi kulia. Kinavutwa. Kushoto. Kinasukumwa.

Zote mbili zilikuwa zinazunguka, Baba. Ulisema kweli. Lakini moja ilikuwa inazunguka kinyume. Moja inavuta hewa ndani, ya pili inaichukua hewa ileile iliyochemshwa na injini, inaitema mbele tena, na mwenzake anaivuta upya. Lori lilikuwa linapumua pumzi yake lenyewe.

Nilimwuliza Severini ni nani alizifungua zile feni. Akakaa, akakumbuka. Huko mbele, walipokuwa wanafunga ngao, rejeta ilivuja ikabidi ishushwe. Wewe uliitwa kwenda kuangalia gari lingine lililokwama na majeruhi, na mtu mwingine, ambaye Severini hamjui jina, akazirudishia haraka. Ulirudi ukasikia mvumo, ukaridhika. Mkarudi bila mzigo, na lori tupu halikuchemka. Likaja kuchemka lilipojazwa.

Yule mtu aligeuza nyaya za feni moja, wa kuingilia ukawa wa kutokea, ndiyo maana ikazunguka kinyume, na mimi simlaani. Angejuaje? Nyaya zote mbili za ile feni ni nyeusi. Ulitumia waya mmoja, wa rangi moja, kwa kuwa ndio uliokuwepo. Lakini Baba, ungefunga hata uzi. Ungetia hata alama ya rangi. Uliziweka zote kichwani mwako kwa sababu ulitaka ziwe kazi ya Bonifasi peke yake, na mimi niliyekuwa nimechuchumaa kando yako hukutaka hata kunionyesha upi ni upi. Nimelia chini ya lile lori kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Nakwambia kwa heshima zote, lakini nakwambia.

Kisha nikafuta machozi, nikazibadilisha zile nyaya mbili. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Nikachana ukingo wa kanga yangu nyekundu, nikafunga kipande kwenye kila waya wa kuingilia, ili yeyote atakayekuja baada yangu ajue.

Tukapakia mawe yaleyale. Mlima uleule. Severini alipofika juu alizima, akaruka chini, akaanza kucheza peke yake barabarani, mzee mzima. Sindano ilikuwa katikati, haikutingishika.

Zabroni alisema ni bahati. Nikamwambia, "Basi zifungue, uzifunge tena, tuione bahati yako." Hakuzifungua. Lakini alikubali kuendesha, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka kwake.

Ukaitishwa mkutano mwingine. Mwenyekiti akanisifu, akasema, "Sasa binti, mwonyeshe Bwana Zabroni hizo nyaya, kisha urudi shambani ukamsaidie mama yako." Alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Nikasema, "Nitamwonyesha, Mzee. Lakini sirudi shambani. Kijiji hiki kina fundi, na fundi ni mimi. Lori likitoka, natoka nalo."

Ikawa kelele. Mwanamke kwenye lori, njia yote hiyo, atalala wapi, atapata mume wapi. Nikawaacha wapige kelele. Ndipo Mama akasimama. Unamjua Mama, tangu tuhamishiwe kijijini hajawahi kufungua mdomo mkutanini. Akazungumza Kihangaza, hata Zabroni ikabidi atafsiriwe. Alisema, "Mume wangu alikufa akihangaikia gari lenu. Kama mtoto wake hafai, liondoeni kiwanjani kwangu leo hii, mlisukume kwa mikono." Nyuma yake wanawake wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wale waliobeba magunia kichwani. Walisimama tu, na Mwenyekiti akawatazama, akavua kofia, akajikuna kichwa.

Ndiyo maana niko hapa.

Leo tumepita kile kilima cha Lusahunga. Zabroni aliniangalia kwa pembeni, nadhani alikuwa tayari kusimama kama ningetaka. Sikutaka. Nilinyoosha mkono nikawasha swichi ya feni, nikasikiliza, nikamwambia, "Kanyaga." Tukapita juu kwa gia ileile. Kwa mara ya kwanza nilimwona Zabroni akitabasamu, na kusema kweli ana meno mazuri.

Nimetoka kaburini kwako sasa hivi. Nyasi zimekuwa ndefu, nimezing'oa. Baadhi ya wazee wanataka ufukuliwe, urudishwe nyumbani. Mama amekataa, na mimi nimekataa naye. Umechoka na safari. Kaa hapa kando ya barabara, utusikie tukipita.

Nakuahidi mambo haya. Safari ijayo Mama atakuja, na atakaa kiti cha mbele, si juu ya magunia. Kabla ya mvua za vuli nitakuwa nimejifunza kuendesha. Zabroni ameanza kukubali, ila anataka niombe vizuri, na mimi nitaomba vizuri. Na binti yeyote wa kijiji atakayenijia akiuliza umeme unaingilia wapi na unatokea wapi, nitamwonyesha upi ni upi.

Kwaheri, Baba. Lala sasa. Swali lako nimelichukua mimi, usilihangaikie tena.

Wamemaliza kushusha kahawa. Zabroni anapiga honi, anasema jua linazama. Na asubiri. Sijakagua maji ya rejeta.

Ni mimi mwanao,
Tereza, fundi wa lori